Madonge ya chenga za mkaa: kwa nini yako yanapasuka

Dada mmoja ameniandikia kwamba madonge yake ya chenga, yaani vumbi na vipande vidogo vya mkaa vilivyoshikizwa kwa uji wa unga ili vitumike jikoni badala ya mkaa, yamepasuka yote siku ya pili juani, na yale machache yaliyosalimika yalifuka moshi mpaka jirani akaja kuuliza kunaungua nini. Ametuma na picha. Donge limekauka ganda la nje likawa la kijivu, limechanika katikati kama tope la bwawa wakati wa kiangazi, na ndani ya ufa bado ni jeusi, limelowa maji. Hapo huhitaji kuuliza zaidi: maji mengi, uji haukuiva, jua kali mapema mno. Huo moshi una sababu yake nyingine, na huanzia pale chenga zinapochukuliwa.

Chini ya kila gunia la mkaa kuna chenga, na muuza mkaa huzirundika pembeni ya kibanda. Wengine watakuachia bure, wengine watakuuzia kwa ndoo. Kabla hujatoa hela, chota kiganja kimoja utie kwenye glasi ya maji, ukoroge, uache kidogo. Mkaa mkavu huelea au hushuka polepole. Mchanga huzama papo hapo ukajipanga chini. Ukiona tabaka la mchanga la unene wa kidole, achana nazo. Utakuwa unakausha mchanga siku tano ili ukautupe jivuni.

Angalia pia rangi. Chenga nzuri ni nyeusi tii, na kipande ukikivunja kinatoa mlio mkavu. Vipande vya kahawia, vinavyopinda kabla ya kukatika, ni kuni ambayo haikuiva tanuruni. Hivyo ndivyo vinavyofuka. Vichague kwa mkono, vitakufaa kwa kuwashia.

Nyunyizia maji kidogo kabla ya kuchekecha, la sivyo vumbi lote litakuingia puani. Funga na kitambaa usoni. Chekeche la mafundi la mchanga wa lipu linatosha. Ukikosa, wavu wa dirisha uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao. Mabonge yanayobaki juu yatwange kwenye kinu kilichostaafu, si kile cha kutwangia kisamvu. Usitafute unga laini mtupu. Unga laini wenye punje ndogo kama mchele uliovunjika hushikana vizuri kuliko vumbi tupu, kwa sababu vumbi hunywa uji mwingi, na uji mwingi ni maji mengi.

Sasa uji, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwa kilo 10 za chenga kavu (pima kwa mizani, kwa sababu ndoo ya chenga zilizolowa hudanganya) chukua nusu kilo ya unga wa muhogo na lita 5 za maji. Koroga unga kwenye lita moja ya maji baridi mpaka mabuje yaishe. Chemsha lita 4 zilizobaki, kisha mimina ule mchanganyiko taratibu huku unakoroga. Endelea mpaka uji ubadilike: mwanzo ni mweupe kama maziwa, halafu unakuwa wa kung'aa, mzito, unavutika kwenye mwiko kama wanga wa kupigia nguo pasi. Hapo ndipo umeiva. Unga uliokorogwa na maji ya vuguvugu haushiki kitu. Wanga unahitaji joto la karibu nyuzi 70 ili punje zake zivimbe na kutoa ute. Donge la uji mbichi linaonekana zuri likiwa bichi, likikauka linarudi kuwa vumbi.

Unga ulioingia wadudu unafaa kabisa. Sembe nayo inashika, ila inataka kipimo zaidi, na kuchoma ugali wa watoto ili upate moto ni hesabu mbovu.

Mimina uji ungali wa moto juu ya chenga, changanya kwa koleo kwanza, ukipoa ingiza mikono. Pakaa mafuta ya kupikia mikononi kabla ya kuanza, masizi yatatoka kwa sabuni bila kusugua ngozi. Kisha fanya jaribio la ngumi. Kamata konzi, binya kwa nguvu zote, fungua. Bonge likibaki na alama za vidole bila kutoa tone, ni sawasawa. Maji yakichuruzika kati ya vidole, ongeza chenga. Likimomonyoka, ongeza maji ya moto nusu kikombe kwa wakati mmoja, si jagi zima. Donge lenye maji mengi hunywea sana linapokauka. Nje hutangulia, ndani huchelewa, na katikati hakuna budi kuchanika.

Kufinyanga kwa mkono kunatosha: ukubwa wa yai la kuku, usizidi hapo. Donge la ukubwa wa ngumi ndilo kosa la haraka haraka, linachukua siku nane kukauka na linazimika likiwa na kiini kibichi. Ukitaka kazi nadhifu, kata bomba la plastiki la inchi 2, urefu wa sentimita 12, utafute mti unaoingia humo bila kubana. Jaza, simamisha bomba juu ya jiwe, gongelea mti kwa nyundo mara tatu nne, sukuma donge litoke. Unene wa sentimita 5 unatosha. Toboa tundu katikati kwa msumari wa inchi 6: hewa itapita, donge litakauka mapema na litawaka kwa urahisi.

Siku ya kwanza ni kivulini penye upepo, juu ya jamvi au kichanja cha wavu. Jioni geuza. Siku ya pili toa juani, uendelee siku tatu hadi nne, ukiingiza ndani usiku kukwepa umande. Masika usijaribu, labda uwe na baraza pana lenye paa. Madonge ya wanga yakikaa na unyevu siku tatu huota ukungu mweupe na kunuka kama togwa iliyochacha. Kujua kama yamekauka, vunja moja: rangi ya ndani na ya nje ziwe moja. Au pima lile lile kila asubuhi, uzito ukiacha kushuka basi.

Wengine hutumia udongo wa mfinyanzi badala ya uji. Kipimo ni kopo moja la udongo kwa makopo matano au sita ya chenga. Hauoti ukungu, panya hawautaki, na hauhitaji kupikwa. Lakini udongo hauungui. Moto wake ni mpole na jivu ni jingi, linaziba matundu ya jiko. Kwa maharage na makande ni sawa. Kwa chapati utakesha. Saruji usithubutu, hiyo unatengeneza tofali.

Namna ya kuwasha ni tofauti na mkaa wa kawaida, na ndiyo maana watu huyasingizia madonge kuwa hayawaki. Washa vipande vichache vya mkaa kwanza, vikishakuwa makaa mekundu panga madonge juu yake, yakiacha nafasi kati yao. Yape dakika 15 hadi 20. Usichokoe, yatamomonyoka. Usizime kwa maji pia, wanga utalegea. Yafukie kwenye jivu au funga mlango wa hewa wa jiko.

Donge lililokauka vizuri halitoi moshi, na hiyo ndiyo hatari yake. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na makaa yoyote yanayofifia huitoa. Jiko lisilale chumbani mlikolala, hata kama nje kuna baridi ya Iringa na makaa yanaonekana yamezimika.

Kuhusu hela, usidanganyike na neno bure. Jumlisha bei ya chenga, ya unga, na moto wa kupikia uji, ndipo ulinganishe na kilo 10 za mkaa mahali unaponunua. Chenga zikiwa za bure, unga ndio gharama kubwa. Ukizinunua, kisha ukalipa na bodaboda ya kuzibeba, faida inaweza kuyeyuka yote njiani. Hifadhi kwenye gunia la sandarusi juu ya ubao, si sakafuni, maana mende na panya wanaujua uji wa muhogo.

Na yale yaliyopasuka, dada, usiyatupe. Yavunjevunje, toa vile vipande vya kahawia, yalowanishe na maji ya moto kidogo tu, kisha pika uji wa robo kilo kwa lita mbili na nusu kwa kila kilo 10. Umimine kidogo kidogo, ukisimama kila mara kufanya jaribio la ngumi. Safari hii yaanzie kivulini.