Shangazi alijua cha kuuliza

Wahariri, swali lenu la wiki hii, "Mzazi akizeeka hata akahitaji kutunzwa usiku na mchana, nani alipe: watoto au serikali?", limenigusa pabaya. Nilipolisoma nilikuwa na jibu mdomoni: watoto. Nimezaliwa Ng'ambo, Unguja, na kwetu ukitaja Sebuleni au Welezo, yale makao ya wazee ya serikali, mbele ya mtu mzima wa nyumbani umemtusi. Huko walipelekwa wasio na mtu. Mwenye watoto, au hata mtoto wa ndugu yake tu, huzeekea kwao. Lakini mimi naishi Columbus, Ohio, na huku kabla hujafika kwenye kulipa kuna swali jingine linalotangulia: nani anajua cha kuuliza, na amuulize nani? Hilo ndilo nitakalolijibu, mniwie radhi.

Mzee wangu ni shangazi, dada wa baba. Hakujaaliwa kuzaa, mimi na kaka yangu aliyeko Texas ndio wanawe. Alikuja Marekani miaka ya 1990 na, kama wengi wetu, akaanzia kwenye kazi ya kuogesha wazee. Wenzake walipata mengine wakahama. Yeye alibaki kwenye kazi hiyo mpaka alipostaafu.

Aliteleza bafuni usiku. Tukampeleka hospitali moja ya hapa mjini, wakampiga picha, wakaona ufa kwenye mfupa wa nyonga, wa aina isiyohitaji upasuaji. Akapewa kitanda, akafungwa utepe wa jina mkononi, akaletewa chakula, madaktari wakawa wanapita. Siku zikaenda. Mwisho akaja ofisa wa ustawi wa jamii, binti mpole, akatwambia shangazi hawezi kurudi nyumbani peke yake, anahitaji makao ya wazee yenye mazoezi ya viungo. Hilo tulilitarajia. Kisha akasema Medicare, bima ya serikali ya waliofika miaka 65, haitalipa, kwa sababu muda wote ule shangazi hakuwa amelazwa. Alikuwa "chini ya uangalizi", yaani anatazamwa tu kama atahitaji kulazwa.

Nikamwonyesha kitanda. Nikamwonyesha utepe. Binti akaniambia, kwa huruma kabisa, kwamba kuna karatasi, na shangazi alishaitia saini. Kweli ilikuwepo. Sheria inaitaka hospitali itoe taarifa hiyo kwa maandishi mgonjwa akipita saa 24 kwenye uangalizi. Aliwekewa mbele usiku ule ule wa maumivu, sindano imeshaanza kumlegeza.

Wasomaji mlioko huku, lijueni hili kabla halijawafika. Medicare hulipia makao ya namna hiyo siku zisizozidi 100 kwa kila kipindi cha matibabu. Siku 20 za mwanzo inalipa zote, na kuanzia ya 21 mzee anachangia. Mwaka 2025 mchango ulikuwa dola 209.50 kwa siku. Sharti lake ni mzee awe amelazwa hospitali siku 3 mfululizo, na siku za uangalizi hazihesabiwi. Muulizeni daktari kila asubuhi: amelazwa au hajalazwa? Tena hata sharti likitimia, Medicare haimlipii mzee anayehitaji kuogeshwa, kuvalishwa na kulishwa tu, miaka nenda miaka rudi. Watu wengi huku wanaamini inalipa.

Kaka alikuwa kwenye simu, sauti iko wazi chumba kizima. "Mtoe. Mrudishe nyumbani. Tutachanga." Akaanza kuwataja wa kuchanga mmoja mmoja. Mimi nilikuwa upande wake. Shangazi alikuwa kafumba macho, tukadhani amelala. Akasema, "Mwanangu, hebu mwite tena yule binti."

Binti akarudi. Shangazi akamwambia akae, akaanza. Usiku, korido moja ina wazee wangapi, na wasaidizi wangapi? Wasaidizi ni wa pale pale, au wanaletwa na wakala, leo huyu kesho yule? Nani anaogesha wanawake? Mzee asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya muda gani? Chakula kisicho na nguruwe kinapikwa, au mtu anaachiwa aondoe nyama pembeni? Na la mwisho: katika makao yote uliyoniandikia hapa, yapi yanapokea Medicaid (bima ya serikali ya wasio na uwezo), ili pesa yangu ikiisha nisihamishwe? Binti alikuwa anaandika. Mengi hakuyajua, akaahidi kuuliza, na aliuliza.

Kisha shangazi akanigeukia mimi. "Usiende Jumatatu asubuhi, utamkuta mkurugenzi na maua mezani. Nenda Jumamosi jioni, saa ya chakula. Simama koridoni utazame taa za juu ya milango. Ikiwaka, ni mzee anaita, angalia inachukua muda gani mtu kuja. Tazama kama mzee anaufikia mtungi wake wa maji. Tazama kucha. Chumba kimoja kikinuka usiogope, korido nzima ikinuka geuka urudi. Na waulize wasaidizi, si ofisi, wameanza kazi lini."

Nikaenda. Mahali pa kwanza palikuwa na piano sebuleni na zulia jipya, na taa ikawaka juu ya mlango mmoja mpaka nikaenda mwenyewe kutafuta mtu. Mahali pengine palikuwa pakavu, sakafu ya zamani, viti havifanani. Msaidizi mmoja, mama wa Kighana, alikuwa analisha bibi mmoja taratibu huku anamsimulia jambo. Nilipomuuliza ameanza lini, alicheka, akasema wanawe wote wamemaliza shule yeye akiwa pale pale. Nikarudi nikasimulia. Shangazi akasema, "Hapo."

Kaka hakukubali. Alisema watu wa nyumbani watasemaje. Shangazi akamjibu maneno ambayo hadi leo yananikaa: "Nani ataninyanyua? Wewe uko Texas. Huyu ana watoto na kazi ya usiku. Mimi nimenyanyua watu, najua uzito wa mtu asiyeweza kusimama. Sitaki mgongo wa mwanangu uwe huu wangu."

Pesa sasa. Mwaka 2024 kitanda katika chumba cha watu wawili kwenye makao ya wazee Marekani kilikuwa, kwa wastani, zaidi ya dola 9,000 kwa mwezi. Michango ya ukoo wetu ilitosha mwanzo tu. Akiba yake ikafuata. Anayelipa sasa ni ile Medicaid, ambayo hapa Ohio inataka mtu asiye na mwenzi abaki na mali isiyozidi dola 2,000, ukiacha vitu vichache visivyohesabiwa. Pensheni yake nayo inakwenda huko, anaachiwa kiasi kidogo cha mahitaji yake. Kimoja kisichohesabiwa ni gharama ya mazishi iliyolipwa mapema kwa mkataba usioweza kuvunjwa. Shangazi alilipia kaburi na sanda yake kabla ya kitu kingine chochote, na moyo wake ukatulia.

Kaka alitaka nyumba yake ndogo iandikwe kwa jina langu haraka. Haifai. Watu wa Medicaid wanaangalia nyuma miezi 60, na ulichogawa bure ndani ya muda huo kinakuletea adhabu ya kutolipiwa kwa kipindi. Kuna msamaha kwa mtoto aliyeishi na mzazi miaka 2 akimtunza hata akachelewa kuingia makaoni, huyo anaweza kupewa nyumba. Lakini awe mtoto wa kuzaa au wa kuasili kisheria. Mtoto wa kaka hamo. Hapo nililia, nakiri, na si kwa sababu ya nyumba.

Haya yote hatukuelezwa hospitali. Tuliyapata kwa shirika la eneo la huduma za wazee, ambalo kila pembe ya Marekani inalo kwa sheria ya wazee ya mwaka 1965 na marekebisho yake. Letu ni Central Ohio Area Agency on Aging. Namba ya taifa ya kuulizia la kwenu ni 1-800-677-1116, na ushauri ni bure. Huko ndiko nilikojua kuwa Ohio ina mpango uitwao PASSPORT, unaomlipia mwenye miaka 60 na kuendelea, mwenye kipato kidogo na anayestahili makao, abaki nyumbani kwake: mtu wa kumwogesha, chakula mlangoni, kengele ya kuvaa shingoni akianguka. Franklin, kaunti yetu, nayo ina mpango wake wa kumsaidia mzee nyumbani, Senior Options, unaotokana na kodi ya majengo. Kwa shangazi tulishachelewa, usiku hawezi tena kuwa peke yake. Kwa mama yako huenda hujachelewa. Na ukiona mzee anadhulumiwa makaoni, kila jimbo lina ofisi ya kupokea malalamiko hayo, isiyo chini ya makao.

Wanaopanga kumleta mama kutoka nyumbani kwa kadi ya kijani, kibali cha ukaazi wa kudumu, nawaomba wakae chini kwanza. Kwa kawaida hukaa miaka 5 kabla ya kustahili Medicaid. Nimeshuhudia familia ikiuza gari.

Sasa jibu. Nilianza nikisema watoto. Nikiandika haya nimekumbuka kwamba hata Zanzibar, tangu 2016, serikali inampa pensheni kila aliyefika miaka 70 bila kumuuliza ana watoto wangapi, na sijasikia mtu akisema watoto wa Unguja wamewatupa wazazi wao. Shangazi amelipa kodi kila alipopokea mshahara, kwa kuwahudumia wazazi wa watu. Basi serikali ilipe. Watoto waende kila wiki, wakague kucha, wakae mpaka taa ya mlangoni ijibiwe. Hilo halina bima. Lakini jibu langu ni la mzee aliyesema mwenyewe, akiwa na akili yake, kwamba amekubali. Shangazi angekataa, ningemrudisha nyumbani kwangu nikalipa hadi senti ya mwisho, na hapo kaka yangu angekuwa sahihi.