Mwenzangu amefariki, hatukufunga ndoa: nyumba ni ya nani?

SWALI: Nimeishi na mwenzangu miaka 6 hapa Mwanza. Hatukufunga ndoa wala mahari haikutolewa. Kiwanja kiliandikwa jina lake, tukajenga pamoja, na tuna mtoto mmoja. Arobaini haijafika, shemeji zangu wanadai funguo, wanasema mimi si mke. Nifanyeje?
Mama Mjane, Mwanza

JIBU: Pole sana kwa msiba, dada yetu. Funguo usitoe. Shemeji hana mamlaka juu ya nyumba ya marehemu mpaka mahakama imteue kuwa msimamizi wa mirathi. Na karatasi yoyote ya "makubaliano ya ukoo" uliyoletewa matangani, usiitie sahihi wala dole gumba.

Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, hadi watu wakawatambua kama mume na mke, hudhaniwa wameoana kihalali. Dhana hiyo inaweza kupingwa. Huanguka, kwa mfano, marehemu akiwa ameacha ndoa ya Kikristo ambayo haikuvunjwa.

Hata ikianguka, hujaishiwa. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Hemed Tamim dhidi ya Renata Mashayo, ilikubali kwamba nyumba iliyochumwa pamoja inaweza kugawanywa kwa walioishi hivyo. Kwa hiyo usianze kwa kuomba urithi. Anza kwa kudai jasho lako: sehemu uliyochangia ni yako, haimo kabisa kwenye mirathi. Kupika, kulea na kusimamia mafundi ni mchango pia. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed la 1983 kazi za nyumbani zinahesabika.

Wengi hushindwa kwenye ushahidi. Miaka 2 huthibitika kirahisi. Kigumu ni lile neno "kutambuliwa". Jirani akisema mahakamani "nilijua ni hawara yake tu", umeumia. Tafuta balozi, mwenyekiti wa mtaa na majirani wawili watatu waliokuwa wakikuita mke wake. Kusanya kadi ya kliniki, fomu ya bima aliyokuandika kama mwenza, risiti za saruji na mabati, na taarifa za miamala ya simu uliyomtumia fundi. Risiti hufifia wino, zitoe nakala leo.

Kiwanja kikiwa hakijapimwa, peleka barua ofisi ya serikali ya mtaa, maana huko ndiko mauziano hushuhudiwa. Eleza kwamba una madai, na ubaki na nakala yenye mhuri wa "imepokelewa". Kikiwa na hati, weka zuio kwa Msajili wa Hati, yaani taarifa ya kuzuia kiwanja kisihamishwe kwa mtu mwingine.

Kisha fuatilia kwenye Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikoishi marehemu kama mirathi imefunguliwa. Ikiwa imefunguliwa, wasilisha pingamizi kabla msimamizi hajateuliwa. Ukichelewa, bado msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe. Idai uione, na nyumba ikiwa imeandikwa yote kuwa ya marehemu, ipinge. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, watakuandikia bila malipo.

Madai ya mtoto yasimamie peke yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto matumizi ya mali ya mzazi wake, na hapo hawaulizi kama wazazi walioana. Wataangalia jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa. Kama cheti hujakichukua, nenda RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, wiki hii.