Kabla hujaamini ramani ya bahari kwenye simu, ulizia maji

Kila ikikaribia Desemba kuna jamaa wa Moshi na Arusha wananicheki, wanashuka Pangani kuvua, swali lao ni moja: kaka, nipakue apu gani ya ramani ya bahari? Wananiuliza mimi kwa sababu walisikia nilivyokwama. Sasa ngoja niandike mara moja.

Mimi bahari nilikuwa naijua kwa dagaa wa pale sokoni Mbuyuni, Moshi, tu. Safari yangu ya kwanza nikajiona mjanja, nikakaa nyumbani Majengo na waifai nikapakua ramani ya kina cha maji, ya bure, nzuri kweli, bluu iliyokolea huku bluu mpauko kule, nikaweka na alama zangu ili hata bando likikata huko majini nisihangaike. Tulikodi boti ya faiba yenye mashine, nahodha mzee mmoja mtulivu na kijana wake anashika mashine. Kurudi jioni, mzee anazunguka mbali kabla ya kuingia mtoni, mimi naangalia simu naona katikati pale mita 2, boti yetu haihitaji hata mita moja. Nikasema mzee si tukate hapa?

"Mangi, leo bamvua, na maji yanakupwa. Hapo hapapitiki."

Bamvua ni zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana. Nikamwonyesha simu. Jamani nina aibu hadi leo. Mzee akaitazama, akamwambia kijana, "Mpeleke anapotaka, polepole," akachukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, akaenda kusimama omo, kule mbele. Akachovya, akachovya tena, mara ya tatu upondo ukagonga mchanga, akaunyanyua akanionyesha palipolowa: hapakufika hata gotini kwake. Hajasema neno. Kijana akawahi kuinua mashine propela isile mchanga, na boti ikakaa. Tulikaa pale karibu masaa matatu tukisubiri maji yajae, mbu wanatusalimia, changu wetu kwenye ndoo barafu inayeyuka.

Kosa lilikuwa wapi? Niliporudi nikaanza kusoma, nikagundua ramani nyingi za bure zenye rangi nzuri zimejengwa juu ya data ya GEBCO, mradi wa kuchora sakafu ya bahari ya dunia nzima, na wenyewe wameandika kabisa kwamba isitumike kuongozea chombo. Kila kijisehemu chake kimoja ni kama mita 450 kwa mita 450 na kinapewa namba moja tu. Mita 450! Ndani ya hapo fungu la mchanga linamezwa lote huoni kitu. Halafu ile mita 2 inahesabiwa kutoka usawa wa wastani wa bahari. Pwani yetu siku za bamvua, yaani mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3, kwa hiyo maji yakikupwa yanashuka mita moja na nusu na zaidi chini ya wastani. Toa mwenyewe uone kinabaki nini.

Chati ya mabaharia ni kitu kingine. Kule namba zinahesabiwa kutoka maji yakiwa yamekupwa karibu kabisa, kwa hiyo ukikuta 2 ina maana hata siku mbaya unakaribia kuzikuta hizo mbili, na namba iliyopigiwa mstari chini ujue hapo panakauka. Lakini nayo angalia ilipimwa lini. Pwani hii Waingereza waliipima kwa bildi, yaani kamba yenye uzito wa kupimia kina, tangu miaka ya 1820, na mchanga haukai ukusubiri. Maziwe hapo hapo Pangani kilikuwa kisiwa na mivinje yake, leo ni fungu linalofunikwa maji yakijaa.

Na Maziwe ndiyo inanipeleka kwenye jambo la pili, ambalo kwangu ni baya kuliko kukwama. Asubuhi ile tulipita jirani nikataka tushushe mishipi, simu haionyeshi mstari wala alama yoyote, mzee akakataa: hapa hifadhi, havuliwi. Ningekuwa peke yangu ningevua kwa raha zangu nikakamatwa. Ramani inakuambia kina, haikuambii ruhusa. Wenzetu Marekani NOAA, shirika lao la serikali la bahari na hali ya hewa, wanatoa chati za elektroniki za maji yao bure, na wabunge wao walileta mswada kutaka masharti ya uvuvi nayo yawekwe kidijitali mtu ayaone kwenye simu. Sisi mipaka ya hifadhi inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, sasa nani anaingia nalo kwenye ngalawa? Hilo linaniudhi, maana kuchora mstari kwenye ramani si kazi ya mwaka.

Kwa hiyo ukiniuliza apu gani, mimi nakuuliza unaenda tarehe ngapi ya mwezi mwandamo. Angalia jedwali la maji kujaa na kupwa kwanza, na ukumbuke kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, usikariri saa ya jana. Ramani pakua ukiwa bado Moshi. Ukifika, kabla hujalipia boti pitia kwa watu wa BMU, kile kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi, pale ufukweni uulize wapi panavuliwa na leseni gani unatakiwa uwe nayo, na simu mwonyeshe nahodha mkiwa bado nchi kavu, akuonyeshe kwa kidole wapi ramani imekosea. Wa kwangu alionyesha sehemu nne, chai ilikuwa haijapoa.