Mwanafunzi wa Lamu na Sauti za Kiingereza

Wanafunzi wengi wanaoniuliza namna ya kuingia katika fonetiki (jinsi sauti zinavyotamkwa) na fonolojia (jinsi lugha inavyozitumia sauti hizo kutofautisha maana) ya Kiingereza huanza kwa kukariri jedwali la alama za sauti, na huchoka kabla masikio yao hayajapata chochote. Mimi niliyafahamu masomo haya vizuri zaidi nilipoanza kuzichunguza sauti za Kiamu, lahaja niliyolelewa nayo, na ndiyo njia ninayowashauri.

Chukua neno kaa. Mtu wa Lamu akitaja kaa la moto, k yake hutoka bila mpumuo, yaani bila pumzi kufoka baada yake. Akitaja kaa wa baharini, k hutoka na mpumuo, na msikilizaji hababaiki hata kidogo. Sasa shika karatasi nyembamba mbele ya midomo, utamke “pin”, kisha “spin”: mara ya kwanza karatasi itatikisika, mara ya pili itatulia. Mpumuo ni ule ule, ila Mwingereza hautumii kutofautisha maana. Kwake hizo ni alofoni, yaani namna mbili za kutamka fonimu moja (sauti inayotofautisha maana), ilhali kwetu ni fonimu mbili. Ukilihisi hilo kinywani, umekwisha kuelewa fonetiki na fonolojia zinavyoachana, na hunisikitisha kuona vijana wetu wakiionea haya lahaja inayowapa faida hii.

Sauti za th na dh tunazo katika thelathini na dhahabu, kwa hiyo usizipotezee muda. Kazi kubwa iko kwenye irabu: sisi tunazo 5, ilhali matamshi sanifu ya Uingereza huhesabiwa kuwa na takriban 20, ndiyo maana “ship” na “sheep” zote huangukia kwenye i yetu moja. Mwombe mwenzako akusomee jozi kama hizo bila mpangilio, nawe umwonyeshe ametaja lipi, mpaka sikio lizoee, ulimi utafuata.

Kisha ushughulikie mkazo. Sisi huuweka karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini katika “photograph” uko mwanzoni, na katika “photographer” huhamia silabi ya pili, huku irabu ya mwanzo ikififia na kuwa shwa, irabu fupi na hafifu ya katikati ya kinywa. Shwa ndiyo irabu inayosikika zaidi katika Kiingereza, nayo haina herufi yake, hivyo anayetegemea tahajia haioni kabisa. Hapa ndipo alama za Chama cha Kimataifa cha Fonetiki, kilichoanzishwa Paris mwaka 1886, zinapokufaa: rekodi kwa simu sentensi chache za mtangazaji wa redio, uziandike kwa alama hizo, na uitafute shwa kwanza katika maneno madogo kama “of”, “to” na “for”.