Bonde la Lauterbrunnen: usilipite mbio kuwahi kilele

Nilikulia Marangu. Asubuhi, mawingu yakiwa bado hayajafunga, ukitoka nje unaiona Kibo na theluji yake. Niliitazama theluji ile utoto wangu wote bila kuigusa. Nilikuja kuigusa ukubwani, Ujerumani, tena ile ya mjini iliyochanganyika na matope. Kwa hiyo tulipopata nafasi ya kwenda Uswisi na mume wangu na kijana wetu wa miaka tisa, nilikwenda na pupa, na pupa ile iliniharibia siku mbili nzima. Tangu hapo nimesharudi mara mbili. Haya ndiyo ninayowaambia ndugu zangu wanaoniuliza.

Lauterbrunnen iko jimbo la Bern, kusini mwa mji wa Interlaken. Bonde lenyewe ni jembamba, chini ni tambarare, na pande zote mbili kuta za mwamba zimesimama wima kama zimekatwa kwa kisu. Maporomoko ya Staubbach yanamwagika kutoka karibu mita 300, kando kabisa ya nyumba za watu. Kijiji cha chini kiko kwenye mita 800 hivi. Upande wa mashariki, juu ya ukuta, kuna Wengen (mita 1,274), na upande wa magharibi kuna Mürren (mita 1,638). Vijiji hivyo viwili havifikiwi na magari ya wageni. Gari unaliacha chini unapanda treni au kebo, yaani kibanda cha abiria kinachoning'inia kwenye waya. Halafu juu ya vyote wamekaa Eiger, Mönch na Jungfrau, na Jungfrau peke yake ina mita 4,158.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua tiketi ya kituo cha Jungfraujoch wiki mbili kabla, ya siku ya kwanza kabisa. Hiyo ndiyo treni maarufu inayopita kwenye handaki la kilomita kama saba ndani ya Eiger na Mönch; ujenzi ulianza 1896 ukakamilika 1912, na Adolf Guyer-Zeller aliyeibuni alifariki 1899 bila kuiona imefika. Kazi ya watu wale naiheshimu sana. Lakini siku yetu wingu lilikuwa limekaa juu ya kila kitu. Tulilipa nauli inayokaribia faranga 200 kwa mtu mzima, tukasimama dirishani, tukaona weupe mtupu.

Na si hilo tu. Kituo kile kiko mita 3,454. Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hufika Horombo, mita 3,720, siku ya pili, huku waongozaji wakiwakumbusha "pole pole" kila hatua ili mwili uzoee hewa nyembamba. Sisi tulipanda karibu kimo hicho kwa saa chache, tumekaa kwenye viti, tukashuka na kukimbilia ngazi. Mume wangu kichwa kilimgonga mpaka jioni, na mtoto alitapika. Mimi mtoto wa Marangu nilipaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote.

Kwa hiyo: lala bondeni usiku mmoja au miwili kwanza. Kila asubuhi tazama kamera za vilele, zinaonyeshwa kwenye televisheni za hoteli na kwenye intaneti, kisha ndipo ununue tiketi. Ukifika juu tembea taratibu, kunywa maji, na ukisikia kizunguzungu shuka na treni inayofuata. Ulizia pia kadi ya nusu nauli kabla hujakata tiketi yoyote Uswisi. Kwa siku tatu au nne za kupanda na kushuka milima, mara nyingi inajilipa yenyewe.

Jambo dogo lililotugharimu saa nzima: treni ya kutoka Interlaken Ost inakatika vipande viwili pale Zweilütschinen. Kipande kimoja kinakwenda Lauterbrunnen, kingine Grindelwald. Tulikuwa tumepakia masanduku, tumekaa, tunakula chapati zetu, tukajikuta Grindelwald. Soma kibao cha behewa kabla hujaketi.

Kuhusu kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni, nitasema zaidi, maana hapo ndipo watu wetu wengi wanapoumia au wanapokata tamaa. Usifundishwe na rafiki. Lipia mwalimu, hata kama ni kwa nusu siku. Wengen ina uwanja wa wanaoanza katikati ya kijiji, mtoto anajifunza huku wewe unamwona. Duka la kukodisha likikupa kiatu kinachokuachia nafasi ya kuchezesha mguu, kirudishe. Ukisimama wima vidole viguse mbele; ukikunja magoti virudi nyuma kidogo; kisigino kisiinuke hata kidogo. Vaa soksi moja ndefu ya sufu. Mimi nilivaa mbili za pamba nikidhani ndiyo joto, zikalowa jasho, zikajikunja, na kufikia saa sita mchana nilikuwa na malengelenge miguu yote miwili.

Somo la kwanza ni kujisimamisha. Ncha za mbele za skii zinakaribiana, nyuma panatanuka, umbo la paa la nyumba, na uzito wako unasukuma upande wa ndani wa nyayo. Nilirudia hilo mara thelathini kwenye mteremko ambao nyumbani tungeuita tambarare, na siku niliposimama pale nilipotaka mwenyewe, nilifurahi kweli. Njia zina rangi: buluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati, nyeusi ni ya waliobobea. Usitoke nje ya fito zilizowekwa, hata ukiona alama za wenzako. Nje ya hapo ni hatari ya poromoko la theluji.

Ngozi nyeusi nayo inaungua. Theluji inarudisha jua usoni kutoka chini, mpaka chini ya kidevu. Paka losheni ya kuzuia jua, vaa miwani, na uwe na mafuta ya mgando mfukoni kwa ajili ya midomo.

Mwezi wa kwanza Wengen hufanyika mashindano ya skii ya Lauberhorn, yanayofanyika tangu 1930, mteremko wa zaidi ya kilomita nne. Wiki hiyo vyumba vinajaa na bei inapanda. Kama hukwenda kwa ajili ya mashindano, chagua wiki nyingine. Na ukichagua pa kulala wakati wa baridi, kumbuka zile kuta: chini Lauterbrunnen jua linachelewa kufika na linawahi kuondoka, ilhali Wengen imekaa mahali pa jua.

Asiyetaka kuteleza asijione amekosea njia. Safari ya pili nilikwenda na mama mdogo, aliyekuja kututembelea, amepita miaka sitini. Tulipanda Mürren, kisha tukashuka kwa miguu polepole hadi Gimmelwald, kijiji kidogo cha wakulima, njia imesafishwa theluji, mkono wake umeshika wangu. Tulipofika kwenye banda moja la mbao alisimama. Alivuta pumzi.

"Mwanangu, hapa ndani kuna ng'ombe."

Kweli walikuwemo. Wakati wa baridi wanafungiwa ndani na kulishwa nyasi zilizokaushwa kiangazi, kama sisi kwetu tunavyowafungia na kuwakatia majani. Mwenye banda, mzee mmoja, alitukuta tumesimama. Mama mdogo alimwamkia kwa Kiswahili, akanyoosha kidole kwenye nyasi. Mzee alimpa konzi moja ya nyasi. Akamlisha yule wa karibu na mlango, huku akimsemesha Kichaga, taratibu, kama anavyowasemesha wake.

Kesho yake kamera zilionyesha vilele vyote vyeupe, anga haina hata wingu. Nikamwambia leo ndiyo siku ya Jungfraujoch, pesa nimeshaiweka. Akafunga kitenge chake juu ya koti, akaniuliza kebo ya kwanza ya kwenda kwa wale ng'ombe inaondoka saa ngapi.