Kabla hujachora roboti, nenda kwanza dukani ukapime

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa Moshi aliniandikia: "Dada, shule imeturuhusu kuingia mashindano ya roboti. Tuna laptopu moja. Tuchange hela tununue printa ya 3D kwanza?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba wasinunue. Sababu naziweka hapa, maana najua hayuko peke yake.

Timu yetu ya Arusha ilichora roboti nzima kwenye FreeCAD, programu ya bure ambayo ukishaiweka haikuli bando. Kanuni ya ukubwa ilikuwa kama ya FIRST Tech Challenge, mashindano ya kimataifa ya roboti kwa wanafunzi: mchezo unapoanza, roboti iwe imeenea ndani ya boksi la inchi 18 kila upande, yaani milimita 457. Wengi hukimbilia kuchora mkono wa kunyanyulia kwa sababu ndio unaopendeza. Sisi tulianzia Unga Limited, eneo la viwanda la Arusha, kwa mafundi wa alumini za madirisha, tukiwa na vernia, kifaa cha kupimia unene. Paipu mbili zinazouzwa kwa jina moja zilitofautiana unene, na unene ndio unaoamua kama ukikaza bolti paipu itahimili au itabonyea. Vipimo vya dukani ndivyo tulivyoingiza kwenye modeli. Fremu ilipofungwa, kila kona ilikubali.

Mashine ya kukata kwa leza hatukuwa nayo. Tulichapa michoro stesheneri, tukaibandika juu ya bati, tukagonga alama kwa senta panchi (chuma chenye ncha kali) katikati ya kila shimo, kisha tukatoboa: kwanza biti nyembamba, halafu ya milimita 4.5 kwa bolti ya M4, yaani yenye kipenyo cha milimita 4. Chapeni kwa asilimia 100, tafadhali. Printa nyingi huubana mchoro ili uenee kwenye karatasi, na hapo mashimo ya mota hayakutani tena. Chora mstari wa milimita 100 pembeni mwa mchoro, uupime kwa rula kabla ya kuondoka stesheneri.

Siku ya ukaguzi, mtu mzima aliyekuja na timu nyingine aliuliza mbele za watu ni fundi gani alitutengenezea. Wasichana wanne tumesimama pale! Mpaka leo inaniuma. Mwenzetu alifungua laptopu, akageuza modeli taratibu, akaonyesha shimo moja moja kwenye skrini na kwenye roboti. Mkaguzi alitupitisha. Yule bwana hakusema hata pole.

Ndiyo maana nawasihi wadogo zangu, hasa mabinti: mchoro uwe wenu, na kila mmoja ajue kuufungua na kuueleza. Msimwachie "mtaalamu" mmoja wa timu. Msikubali mtu awachoree, hata akiwa mwalimu mnayempenda. Heshima ya kazi hii haiazimwi.

Na hiyo printa? Mkipata ya kuazima, chapeni vishikizo vya sensa na vipande vidogo visivyobeba uzito. Mashimo hutoka madogo kidogo kuliko mlivyochora, kwa hiyo chapeni kwanza kipande cha majaribio. PLA, plastiki inayotumika sana kwenye printa hizi, huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, kwa hiyo kwa jua la Moshi msiiache roboti ndani ya gari lililofungwa. Hela mlizochanga nunueni vernia, biti nzuri na bolti za akiba.