Ndoano na Chubwi: Majibu ya Barua Zenu

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni kijana wa Ujiji ila sasa hivi niko Bowling Green, Kentucky, napiga mzigo kiwandani. Mwezi wa nne na wa tano nilikuwa naenda bwawa la Dale Hollow na jamaa wa kazini, tunarusha tu karibu na ukingo, samaki aina ya besi tunapata mpaka raha. Sasa tangu Juni iishe nimeenda mara nne, hata kuguswa ndoano sijaguswa, maji meupe kama ya chupa, jua linachoma, mawe ya chini nayaona kabisa lakini samaki hamna. Mzee mmoja pale gatini ananiambia samaki wa kiangazi wanalala. Ni kweli? Boti yetu ni ya bati, ndogo, na rodi yangu ya bei chee.
— Mtoto wa Ujiji

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo mzee kakutania, au hataki ujue anakovua yeye, wazee wa magati wako hivyo dunia nzima.

Samaki wapo, tena wanakula kuliko mwezi wa nne maana mwili ukishapata joto unadai chakula. Tatizo ni kwamba we unawatafuta sebuleni wakati wao wamehamia chumba cha chini. Dale Hollow lilijengwa kwa kuziba mto Obey mwaka 1943, na mto wenyewe ulikuwa unapita katikati ya vilima, kwa hiyo ukingo unashuka ghafla kama genge, hatua chache tu kutoka nchi kavu uko kwenye kina cha mita kumi na kuendelea. Tope ni kidogo, maji yanang'aa, jua la saa sita linapiga hadi chini. Mwezi wa nne walikuja ukingoni kutaga, wamemaliza shughuli yao, wakae pale kufanya nini?

Sasa sikiliza hapa maana ndo penyewe. Kiangazi maji ya bwawa lenye kina kirefu kama lile hayachanganyiki, yanapandiana kama matabaka ya chapati. Juu kuna maji ya moto, nyuzi 28 na zaidi za Selsiasi, chini kuna baridi kali, na katikati kuna mpaka mwembamba ambapo joto linashuka kwa ghafla, huo wenzetu wanauita temoklaini. Mara nyingi kwenye mabwawa ya vilimani unaukuta kati ya mita 7 na 10. Chini ya mpaka ni baridi nzuri tu lakini kadiri kiangazi kinavyosogea oksijeni inapungua, besi akienda kule anaweza kukosa pumzi. Juu kuna pumzi ila kuna jua na joto. Besi kabanwa katikati, anakaa juu kidogo ya ule mpaka, na vidagaa anavyokula, shadi na jamaa zake, navyo vimebanwa palepale. We mtoto wa Ujiji mambo haya unayajua bana, Tanganyika nako ukishuka sana hakuna hewa, ndo maana migebuka na dagaa wote wanagombania sehemu ya juu. Tofauti ni kwamba kule kwetu hali iko hivyo mwaka mzima, kule Kentucky baridi ikiingia maji yanajipindua yanachanganyika upya.

Kwa hiyo acha kurusha ukingoni saa sita mchana. Tafuta rasi, yaani ulimi wa ardhi unaoingia majini, halafu usimame pale unapokatika kuelekea kina. Kama jamaa yako ana sona, ile mashine ya kuonyesha kilicho chini ya boti, mwambie aongeze nguvu ya mashine, mpaka wa joto utauona kama ukungu umelala mlalo kwenye skrini, na vidagaa ni mawingu madogo juu yake. Huna sona, pima mshipi mita 8 ukiwa nchi kavu, weka alama ya maka peni, ukishusha hadi alama ifike kwenye ncha ya rodi unajua uko wapi. Hiyo haina gharama.

Mtego nao rahisi: chubwi chini kabisa, ya gramu 7 mpaka 10, ndoano juu yake kama sentimita 30, mnyoo wa plastiki mdogo wa rangi ya maji, basi, shusha wima na usitikisetikise kama unapepeta mchele, acha mnyoo uchezecheze wenyewe. Mshipi uwe mwembamba, wa kuhimili uzito wa ratili 6 au 8, kwenye maji meupe vile mshipi mnene samaki anauona kabla hajaona chambo. Rodi yako ya bei chee inatosha kabisa, hapa hurushi mbali, unashusha.

Ila ungeniuliza mimi, ningekwambia nenda usiku. Wavuvi wa Kentucky na Tennessee wa siku nyingi kiangazi wanalala mchana, jua likizama ndo wanashusha boti, wanavuta taratibu chambo cheusi chenye kijiko cha bati kinachozunguka, wakifuata genge la mawe, samaki anasikia mtikisiko kabla hajaona kitu. Wengine wananing'iniza taa ubavuni mwa boti, wadudu wanakuja, shadi wanafuata wadudu, wakubwa wanafuata shadi. Karabai hiyohiyo ya nyumbani! Umeacha karabai Kigoma umeenda kuikuta kwa wazungu halafu unaniandikia barua. Vaa jaketi la kuokolea, washa taa za boti zinazotakiwa na sheria, na angalia leseni maana lile bwawa limekatwa na mpaka wa Kentucky na Tennessee, usije ukavuka bila kujua.

Na kama bado unaamini wanalala: besi wa aina ya mdomo-mdogo anayeshikilia rekodi ya dunia ya aina yake, ratili 11 na aunsi 15, karibu kilo 5 na nusu, alitoka bwawa hilohilo tarehe 9 Julai 1955, kwenye chambo cha David Hayes alichokuwa anakikokota nyuma ya boti. Baadaye kukawa na fitina, ikadaiwa samaki alijazwa vyuma aonekane mzito, rekodi ikafutwa kwenye miaka ya 90, ikarudishwa mwaka 2005. Julai hiyo, sio mwezi wa nne.

SWALI: Mimi ni wa Naivasha, huku tuna besi pia. Na sisi tushushe mita nane?
— Baba Wambo

JIBU: Hapana mzee. Besi wenu ni ndugu wa damu, walitolewa Marekani mwaka 1929, lakini ziwa lenu ni la kina kifupi na upepo wa mchana unalikoroga lote, hakuna matabaka ya kudumu. Nyie fuateni kingo za mafunjo asubuhi na mapema. Na viboko, lakini hilo hamhitaji kufundishwa na mtu wa mbali.

SWALI: Mume wangu anakesha bwawani na wenzake, anarudi asubuhi mikono mitupu, anasema samaki amewarudisha majini. Nimwamini?
— Mama Neema, Louisville

JIBU: Shemeji, mwamini. Huko kurudisha besi ni desturi, wengi wanavua kwa mchezo. Lakini mwambie hivi: samaki aliyetolewa mita 10 au 12 kiangazi, kibofu chake cha hewa kinavimba akifika juu, na akiwekwa kwenye ndoo ya maji moto huku jamaa wanatafuta simu wapige picha, hata akirudishwa ataelea tumbo juu na kufa. Hapo hajarudisha, kamwaga kitoweo. Kwa hiyo amwachie palepale, haraka, au amlete nyumbani kama kipimo na idadi vinaruhusiwa. Besi wakubwa wasiwe chakula cha kila siku, wanakula samaki wenzao kwa hiyo wanajikusanyia zebaki, hasa kama una mimba au watoto wadogo. Mwambie usiku wakiwasha ile taa ashushe na kindoano kidogo chenye kisamaki hai ubavuni mwa boti, krapi, samaki wengine wa mabwawa ya huko, watakuja wenyewe, ni watamu kuliko besi, nyama nyeupe, ukiwakaanga wakavu na ndimu na pilipili ugali hautoshi.